Acheni kuisingizia 63, nyumbu hazai kwa sababu nyingine

Mtu yeyote aliyesoma baiolojia hata ya kidato cha nne ukimuuliza kwa nini nyumbu hazai anakujibu papo hapo: farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, mtoto anachukua 32 kwa mama na 31 kwa baba jumla 63, na 63 haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo hawezi kutengeneza mbegu, kwisha habari. (Nyumbu ninayemsema ni huyu wa baba punda na mama farasi, siyo yule anayevuka mto Mara.) Jibu fupi, tamu, kwenye mtihani linakupa maksi zako zote, na ni bovu. Kuna watakaosema halijakamilika tu, mi nasema bovu kabisa, maana linamfanya mtu aache kuuliza pale pale ambapo mambo ndo yanaanza kunoga.

Yupo farasi wa Przewalski, yule mfupi mnene wa Mongolia mwenye manyoya ya shingoni yaliyosimama wima, wenyewe Wamongolia wanamwita takhi. Huyu ana kromosomu 66. Ukimpandisha kwa farasi wetu wa kawaida mwenye 64 mtoto anatoka na 65, na 65 nayo ukiigawa kwa mbili inabaki moja, sivyo? Sasa huyo mtoto anazaa vizuri tu, awe dume awe jike. Wala siyo hadithi ya maabara peke yake. Takhi waliisha porini mwishoni mwa miaka ya 60, wakabaki wale wachache wa kwenye bustani za wanyama, na ukifuatilia ukoo wao unakuta kuna jike mmoja wa farasi wa kufugwa aliyeingizwa humo pale Halle, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Uzao wake ulikuwa chotara wa 65 na ukazaa, wajukuu wakazaa, na takhi walipoanza kurudishwa kwao Mongolia mwaka 1992 damu ya yule mama ilikuwa bado imo ndani ya ukoo.

Kama Mongolia mbali njoo Laikipia, Kenya, pale kwenye hifadhi ya Ol Pejeta. Punda milia wa kawaida ana 44, yule mkubwa wa Grevy mwenye milia myembamba na masikio mapana ya duara ana 46. Madume wa Grevy wakikosa majike wa kwao wanahamia kwa jirani, na chotara wanaozaliwa wanapata 45. Mwaka 2009 watafiti waliandika kwamba majike chotara wa pale wanazaa. Witiri tena, na mambo yanakwenda.

Afu geuza upande wa pili, hapa ndo panaponifurahisha mimi. Mzalishe farasi na punda milia wa kawaida: 32 ongeza 22 unapata 54. 54 hiyo, shufwa kabisa, inagawanyika vizuri bila kubaki kitu, na yule chotara bado ni tasa. Nanyuki zama za mkoloni walikuwepo chotara wa punda milia na farasi wakibebeshwa mizigo ya wapanda Mlima Kenya, wanyama wa nguvu, wavumilivu, lakini kila ukitaka mwingine lazima urudi kwa baba na mama uanze upya.

Kwa hiyo namba haina kosa. Ukitaka kujua kosa liko wapi inabidi uingie ndani ya korodani la farasi, mtanisamehe, hakuna namna ya adabu zaidi ya kulisema hilo.

Mi ni fundi wa maabara kwenye kituo cha kuzalisha farasi huku Oman, farasi wa Kiarabu, na msimu ukiingia asubuhi zangu zote ni shahawa. Dume anapanda dami, ile sanamu ya kupandia, kijana mmoja ameshika kamba mwingine ameshika chombo chenye maji ya moto kama nyuzi 45 hivi, ikitoka unaikimbiza ndani, unachuja ule ute mzito, unapima ujazo, unachanganya na maziwa ya skimu yenye glukosi, unadondosha tone kwenye slaidi iliyopashwa nyuzi 37 afu unainama kwenye maikroskopu kuhesabu zinazokwenda mbele na zinazozunguka zunguka tu kama hazijui zinatafuta nini. Watu wakiingia maabara na kuchungulia wanadhani kile wanachokiona kimetengenezwa usiku wa jana. Wapi! Kutoka seli mama hadi mbegu yenye mkia ni siku 57, afu kuna wiki nzima na zaidi ya kupita kwenye ule mrija mrefu wa epididimisi. Ndo maana dume akipata homa leo unaweza ukachukua shahawa kesho ukaikuta safi kabisa, ukashangilia, ikaja kuharibika wiki kadhaa baadaye wakati yeye mwenyewe amepona na kila mtu amesahau alikuwa anaumwa. Wamiliki hili hawalielewi kirahisi, wanakuja juu, "mbona wiki iliyopita ilikuwa nzuri?"

Ndani ya korodani kuna mirija myembamba imejaa, na kwenye ukuta wa kila mrija zimekaa seli za mwanzo, spamatogonia, katikati ya seli kubwa za Sertoli zinazozilea. Zinagawanyika kwanza kigawanyiko cha kawaida ili ziwe nyingi, halafu baadhi zinanakili DNA yao yote na kuingia kwenye meiosisi, kile kigawanyiko cha kupunguza kromosomu kuwa nusu. Watu tunafundishwa meiosisi kwa michoro ya nyuzi mbili nyekundu na mbili za bluu na kila hatua inaonekana kama inachukua muda sawa, kumbe kwenye dume la farasi hatua ya kwanza peke yake inakula karibu theluthi ya siku zote 57, wakati ile seli ya kati kati, baada ya mgawanyiko wa kwanza na kabla ya wa pili, haimalizi hata siku moja. Mwili hauchelewi bure. Unachelewa pale kwa sababu kazi ya pale ni ngumu: kila kromosomu iliyotoka kwa baba inatakiwa imtafute mwenzake aliyetoka kwa mama, katikati ya kromosomu 64 zilizojazana kwenye kiini kidogo hivyo, impate, washikane kuanzia ncha hadi ncha.

Wanatafutanaje? Hapa sehemu ambayo mara ya kwanza kuisoma nilidhani nimeelewa vibaya: seli inakata DNA yake yenyewe. Makusudi. Kuna kimeng'enya kinaitwa SPO11 kinapasua nyuzi zote mbili za DNA, siyo sehemu moja wala kumi, ni mamia ya sehemu, kitu ambacho kingetokea kwenye seli ya ngozi ingekuwa ni dharura. Sehemu za kukatwa hazichaguliwi ovyo, farasi kama sisi binadamu anatumia protini ya PRDM9 kuweka alama wapi pakatwe. Ncha iliyokatwa ikishakuwa wazi inaanza kupapasa kwa wengine ikitafuta maandishi yanayofanana na yake ili ijirekebishe kwa kuyanakili. Wakati huo huo miisho ya kromosomu imejishika kwenye ukuta wa kiini na inavutwa huku na kule na mota zilizoko nje ya kiini, kromosomu zinaburuzwa, zinapishana, zinagusana, na zile zinazofanana zikikutana zinaanza kufungwa pamoja. Hatua zina majina yake, leptotini, zaigotini, pakitini, kwenye pakitini ndo kila mtu amefungwa na wake urefu wote.

Kinachowafunga ni mjengo wa protini ambao wanasayansi Montrose Moses na Don Fawcett waliuona, kila mmoja kivyake, mwaka 1956 kwa maikroskopu ya elektroni, wanauita sinaptonema. Niliwahi kupata bahati ya kuona slaidi za dume la farasi zilizotayarishwa kwa ajili hiyo. Unachukua kipande cha korodani la dume aliyehasiwa, kibichi, unakikata kata, unazivimbisha seli kwa maji yenye chumvi kidogo mpaka zipasuke na kutandazika, afu unapaka kingamwili zenye rangi. Nyekundu kwa SYCP3, protini ya uti wa kila kromosomu. Kijani kwa MLH1, inayokaa pale ambapo wenza wawili wanabadilishana vipande. Bluu kwa sentromea, pale kromosomu inaposhikwa ili ivutwe. Unazima taa ya chumba, unaweka jicho, na zipo pale, nyuzi 31 nyekundu kwenye giza, nyingine ndefu zimejikunja, nyingine fupi kabisa, kila moja kwa kweli ni kromosomu mbili zilizobanwa hadi zikaonekana moja. Unaanza kuhesabu vidoti vya kijani. Hamna uzi usio na kidoti. Mdogo kuliko wote ana chake kimoja, mrefu ana viwili, vitatu, kwa seli nzima ni karibu 50. Mi nilikaa pale kwenye kiti mpaka mwenyeji wangu akakohoa.

Kile kidoti siyo pambo. Kikikosekana, wenza wawili hawana kinachowashika wakati wa kuvutwa kwenda pande mbili, kila mmoja anaenda anakotaka, na mbegu inatoka na kromosomu pungufu au ya ziada. Kwa hiyo sharti la chini ni kidoti kimoja kwa kila jozi, na seli ina wakaguzi: jozi ambayo haijafungwa inapiga kelele, na kelele zikizidi seli inauawa pale pale kwenye pakitini.

Pembeni ya zile 31 kuna jozi moja inayokaa kivyake, X na Y. X ya farasi ni kubwa, inakuja ya pili baada ya kromosomu namba 1, na Y ni kitu kidogo mno. Hao wawili wanafanana kwenye kipande cha mwishoni tu, na hicho hicho ndo wanachoshikania. Sehemu iliyobaki haina mwenza, na ili isiwashtue wakaguzi inasukumwa kando, inafungiwa kwenye kichumba chake na jeni zake kunyamazishwa kwa muda. Dume lolote, hata lile la ukoo mkubwa la mamilioni, linapita kwenye uchochoro huo kila siku mara mabilioni. Na saa zingine X na Y wanakosea, kubadilishana kunavuka mpaka na jeni ya SRY, ile inayoanzisha udume, inapotea kwenye Y. Mtoto anazaliwa na XY lakini ni jike kwa sura, mrefu, mzuri, anashinda maonyesho, afu akifika umri wa kuzalishwa haingii joto, ovari vidogo kama havipo. Kwa farasi jambo hili linaonekana zaidi kuliko kwa wanyama wengi wa kufugwa, na wamiliki wanamaliza hela kwenye homoni bila mtu kuwaambia wapime kromosomu.

Turudi kwa nyumbu. Bosi wetu ni Mwomani ambaye wazee wake walikaa Zanzibar, Kiswahili chake kizuri kunipita mimi wa Tanga, na siku tuliyoongea habari hizi alikuwa na jibu lile lile la 63.

"Tatizo ami siyo ile moja inayobaki," nikamwambia.

"Ee mwanangu, sasa kama si hiyo ni nini? Si hana mwenzake huyo mmoja?"

"Hata hao wengine wote hawana wenzao."

Akanitazama kama nimeanza kuchanganyikiwa na joto. Nikamchukulia mfano wa kanga, maana bi mkubwa wake anazo makabati na makabati. Doti ya kanga ukiinunua dukani inakuja kitambaa kimoja kirefu, kanga mbili hazijakatwa. Kromosomu namba 5 ya farasi wa kawaida ndo hiyo doti nzima. Kwa takhi imekatwa, imekuwa vipande viwili, namba 23 na namba 24, lakini pindo ni lile lile, mji ni ule ule, jina ni lile lile. Ukiitandaza doti nzima na ukaweka vile vipande viwili juu yake kila ua linaangukia ua lenzake. Ndo kinachotokea kwa chotara wa 65: zinakaa tatu pamoja, mbili za takhi zimejipanga kwenye moja ya farasi, zinafungwa, vidoti vinawekwa, wakaguzi wanaridhika. Zikivutwa, kwa kawaida ile nzima inaenda upande wake na vile viwili vinaenda pamoja upande mwingine, mbegu moja inapata 32 nyingine inapata 33, na zote zina mzigo kamili. Namba tofauti, maandishi yale yale.

Kwa punda siyo doti iliyokatwa. Ni mtu aliyechukua makanga ya nyumba nzima akakata kila moja mara mbili tatu, akageuza vipande vingine juu chini, akashona upya kwa mpangilio wake, afu kwa bahati tu akaishia na idadi inayokaribia ile ya mwanzo. Tofauti ya 64 na 62 inaonekana ndogo na ndo inayotudanganya. Ukoo wa farasi, punda na punda milia wa leo ulianza kuachana miaka kama milioni 4 hadi 4.5 iliyopita, na katika muda huo, ambao kwa mageuzi ya viumbe ni mfupi, kromosomu zao zimevurugwa kupita kiasi: kuunganika, kukatika, kugeuka, hadi sentromea kuhama sehemu yake na kuanzisha makazi mapya bila DNA yenyewe kusogea. Walipomaliza kusoma DNA ya farasi mwaka 2009, ya jike mmoja wa mbio aitwaye Twilight, walikuta kromosomu namba 11 ina sentromea isiyokuwa na ile DNA ya kujirudia rudia ambayo kila sentromea ya mamalia ilitegemewa iwe nayo. Ni sentromea changa, imehamia juzi juzi tu. Kwa punda hizo zipo nyingi zaidi. Ndo maana kwenye ukoo huu mmoja unakuta punda milia wa mlimani wa Namibia ana 32 na takhi ana 66.

Sasa weka seti ya farasi na seti ya punda kwenye kiini kimoja uziambie zitafutane. Kipande hiki kinafanana na kipande cha kule, kile kinafanana na cha kwingine, mmoja anataka kushikana na watatu, mwingine hapati hata wa kumshika mkono, sehemu kubwa zinabaki wazi. Na ile mikato ya SPO11 ilishakatwa, inasubiri kurekebishwa kwa kunakili kwa mwenza ambaye hayupo. Ann Chandley na wenzake huko Uingereza waliangalia korodani za nyumbu dume wakaandika mwaka 1974, na walichokuta ni hicho: seli zinaanza meiosisi, zinakwama kwenye kufungana, nyingi zinafia hapo. Wakaguzi wanafanya kazi yao. Ungeweza kumpunguzia au kumuongezea kromosomu moja awe na 62 au 64, bado zisingefungana.

Bosi akasema, "Basi ni ushonaji, si hesabu." Nikaona amelisema vizuri kunishinda.

Ila kuna kitu kinawapiga chenga wanaofuga nyumbu kwa mara ya kwanza. Kukwama huku ni kwa seli za mbegu peke yake. Seli zinazotengeneza testosteroni, homoni ya udume, ziko nje ya mirija, hazifanyi meiosisi, hazijui lolote kuhusu mgogoro huo, zinaendelea na kazi. Kwa hiyo nyumbu dume ni dume haswa, anapanda, anapigana, anauma, anavunja uzio, na anahasiwa kama kawaida ingawa hatompa mtu mimba. Usije ukadanganywa "huyu tasa hana haja ya kuhasiwa", utakuja kunikumbuka ukiwa umefungwa bandeji.

Na majike? Hapo kuna mwanya. Mwanabaiolojia Mwingereza Haldane alishasema mwaka 1922 kwamba kwenye chotara, jinsia yenye kromosomu mbili tofauti za jinsia ndo inayoumia zaidi, na kwa farasi huyo ni dume, hana ile jozi ya X mbili ya kumuokoa, ana uchochoro wa X na Y ambao hata kwa dume safi ni mwembamba. Jike la nyumbu mara moja moja sana anatoa yai linalofika mwisho. Kule Nebraska, Marekani, mwaka 1984 nyumbu aitwaye Krause alizaa mtoto kwa dume la punda, akaitwa Blue Moon, na alipopimwa alikutwa na 63 kama mama yake. Maana yake yai lilibeba seti nzima ya farasi, 32 zote, na seti ya punda ikatupwa nje yote kama ilivyo. Yaani yule nyumbu alimpitishia mtoto wake kromosomu za bibi mzaa mama bila kuzichanganya na kitu. Kwa dume la nyumbu hata hiyo bahati haijaonekana. Waliotaka nyumbu dume mwingine anayefanana na wa mwanzo ilibidi waende njia ya kloni, yaani kumnakili mnyama kutoka kwenye seli yake, Idaho Gem alizaliwa Mei 2003 Chuo Kikuu cha Idaho, na ndo akawa wa kwanza wa jamii yote ya farasi kuzaliwa kwa kloni. Hilo linanichekesha kila nikilikumbuka, tasa ametangulia.

Nikirudi kwa madume safi ninaoshughulika nao kila siku, meiosisi ikiisha kazi haijaisha. Kile kiini lazima kibanwe kiingie kwenye kichwa cha mbegu, kwa hiyo histoni, zile protini ambazo DNA imejizungushia maisha yote, zinaondolewa karibu zote na nafasi yao inachukuliwa na protamini, ndogo, zenye chaji nyingi, zinazoikandamiza DNA mpaka inakauka. Kwenye epididimisi protamini zinafungana zenyewe kwa zenyewe kwa madaraja ya salfa na mzigo unakuwa mgumu kabisa. Ukaguzi wa hapa uko ila mara nyingi haufanywi: kuna kipimo ambacho mtafiti Evenson alikianzisha mwaka 1980, unaipa mbegu asidi kidogo afu rangi ya akridini, DNA iliyofungwa vizuri inawaka kijani, iliyolegea inawaka nyekundu. Nimeona dume ambaye mbegu zake zinakimbia vizuri mno, asilimia 70 mbele, na nyekundu imejaa. Kukimbia na kubeba mzigo mzima ni mambo mawili tofauti, na sisi kwenye banda tunapima kukimbia.

Mfano mwingine wa kukimbia bure. Mwaka 2012 Terje Raudsepp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walionyesha kwamba madume fulani ya farasi wa mbio ambao walishindwa kutia mimba huku mbegu zikionekana nzima kabisa walikuwa na nakala za aina moja za jeni ya FKBP6, kwenye kromosomu namba 13. Mbegu zao zinafika kwenye yai afu kofia ya kichwani haifunguki, zinabaki mlangoni. Na jeni hiyo hiyo kwa panya ukiiondoa, kinachoharibika ni kule kufungana kwa kromosomu kwenye pakitini na dume linakuwa tasa. Jeni moja, kwa mnyama huyu imeonekana mwanzo wa safari na kwa yule mwisho wa safari. Sina maoni makubwa hapo zaidi ya kwamba napenda vitu visivyonyooka.

Wanaotuumiza kichwa zaidi kazini ni wengine: madume wenye kromosomu mbili zilizobadilishana vipande kimakosa, mtu hana pungufu wala ziada, kila jeni ipo, ila baadhi ziko nyumba ya jirani. Farasi mwenyewe mzima, mzuri, anakimbia, hamu anayo. Kwenye meiosisi yake kromosomu nne zinalazimika kukaa pamoja badala ya mbili mbili, zinakaa, zinapita kwa wakaguzi, afu zikivutwa sehemu kubwa ya mbegu zinatoka na kipande hiki kimezidi na kile kimepungua. Mbegu hizo zinaogelea kama nyingine zote. Zinatunga mimba. Daktari anapima jike siku ya 14 anaona mimba, watu wanafurahi, siku ya 30 hakuna kitu. Jike anapewa lawama, anaoshwa mfuko wa uzazi, anapewa antibayotiki, analetwa jike mwingine, yanarudi yale yale. Kwa maikroskopu yangu sitoliona kosa hilo hata nikikodoa macho mpaka usiku.

Linaonekana kwenye damu. Tyubu moja ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, siyo ile nyingine ya EDTA maana seli zinatakiwa zifike hai, maabara ya jenetiki inazikuza siku tatu hivi, inazisimamisha katikati ya kugawanyika na kuzipanga kromosomu zote 64 mstarini, jozi 31 na X na Y wao. Bei yake ukilinganisha na bei ya dume ni ya kununulia kahawa. Siku hizi bosi anaidai karatasi hiyo kabla hajalipa dume lolote, na kuna muuzaji mmoja alikuja juu kweli kweli, akasema farasi wake ana ukoo ulioandikwa vizazi na vizazi, apimwe damu kama mtu wa mtaani? Akajibiwa sawa sheikh, lete ukoo, na tyubu ije nao.